Soketi ya Sebuleni

Jumanne saa nne asubuhi umeme ulikatika Mabatini, na Selina Masalu alikuwa amebakiza dakika kumi na nane za sauti ya kuandika. Alikuwa amekaa ndani ya duka la vifaa vya umeme la Mzee Mukesh, kwenye stuli iliyo nyuma ya mafungu ya nyaya, kompyuta yake ya mpakato ikiwa mapajani. Betri ya kompyuta hiyo ilikufa siku nyingi. Waya ukikosa umeme, skrini inazima papo hapo, bila hata kuaga.

Mzee Mukesh alitoka nje, akatazama nguzo, akarudi.

"Mtaa mzima," alisema. "Niwashe jenereta?"

"Acha tu, mzee wangu. Utamaliza mafuta kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kununua hata balbu kwako."

"Ukinunua utaifunga wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alimfahamu Selina tangu enzi za marehemu mumewe, aliyekuwa akinunua nyaya hapohapo, na alijua kwamba kweli hakuwa na pa kuifunga. Nyumba yake ya Kisesa, vyumba vitatu na sebule, ilibomolewa mwezi wa tano barabara ilipopanuliwa. Nyumba kumi na mbili zilibomolewa siku hiyo, na wenye nyumba wote kumi na wawili waliahidiwa viwanja vingine. Kumi na mmoja walikuwa wamekwishapata. Wa kumi na mbili aliishi ndani ya gari, Noah aliyoachiwa na mumewe, viti vya nyuma vikiwa vimeng'olewa ili godoro lienee.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Watafiti wa ng'ambo waliwarekodi wafugaji wa Kisukuma wakieleza magonjwa ya ng'ombe, wakamtumia sauti, naye akaandika kwa Kiswahili kila kilichosemwa, mpaka kukohoa. Faili lilipaswa kufika kila Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mtu akichelewa mara tatu, kazi anapewa mwingine. Selina alikuwa amekwishachelewa mara mbili, na kazi hiyo ndiyo iliyojaza mafuta ya gari na kupeleka unga Misungwi, alikokuwa mama yake.

Mtu mwenye nyumba hajui kwamba umeme ni kitu cha kufuatwa, kama malisho. Selina aliufuata. Kulikuwa na kituo cha mafuta Misungwi ambako mlinzi alimruhusu kuchomeka hadi saa tatu usiku, ila mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Kulikuwa na mwalo wa kushushia samaki kule Igombe, wenye mashine ya barafu isiyozimwa, lakini siku moja vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi vilimjia, vikaingia kwenye kibodi, na herufi M ikawa haibonyezeki mpaka aipige kwa kidole gumba. Gari lenyewe lilitoa umeme kidogo injini ikiwa inaunguruma, na injini inayounguruma inakula.

Kwa hiyo siku hiyo, kama ilivyokuwa kila mambo yakishindikana, aliendesha hadi Kisesa, kwenye soketi yake.

Soketi ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, hatua nne kutoka ulipokuwa mlango wa mbele, kimo cha goti, mkono wa kulia. Ukuta uliondoka, soketi ikabaki hewani, nyeupe, na doa jeusi mahali pasi ilipowahi kuiunguza. Hapakuwa na waya ulioingia wala kutoka. Mita ya luku, ya umeme wa kulipia kabla, nayo ilibaki hewani, pale ilipokuwa kona ya nyumba, ikihesabu. Mwendesha buldoza alipita juu yake mara mbili, kisha akashuka, akaitazama, akarudi kwenye kiti chake. Karatasi yake ya kazi ilitaja kuta na paa tu. Wenye bodaboda waliotumia ukingo huo wa barabara walikwisha kuzoea kuikwepa.

Mtandao nao ulibaki. Hatua mbili mbele, lilipokuwa dirisha la sebuleni, ulikamata vizuri kuliko mahali popote Kisesa. Ukitoka hapo unapotea.

Selina aliegesha Noah sebuleni, akachomeka, akamaliza zile dakika kumi na nane. Ng'ombe wa mzee mmoja wa Magu walikuwa wamekufa sita kwa wiki moja. Aliandika, akasimama dirishani, akatuma.

Kisha alimpigia mama yake. Bernadeta alikuwa Misungwi kwa Shimba, mdogo wake Selina, na alilazwa stoo.

"Kiwanja kimetoka?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

"Huku nalala na magunia ya mpunga. Panya wananipanda kama ngazi."

"Mwambie Shimba."

"Nimwambie nini? Mwanae anaoa mwezi wa kumi na mbili, na stoo wanaitaka iwe chumba cha bibi harusi. Nimeona wameshanunua rangi."

Selina alisema kiwanja kitatoka kabla ya harusi. Alilisema kwa sauti ya mtu aliyehakikishiwa, na lilimuuma, maana hakuna aliyekuwa amemhakikishia kitu.

Maombi ya viwanja yalipitia kwenye mfumo wa kompyuta wa mradi wa barabara. Selina aliomba hapohapo sebuleni kwake, akapakia kitambulisho, picha ya kifusi na barua ya mtendaji. Jibu lilikuja baada ya siku nane, nalo lilikuwa na maneno matatu: MWOMBAJI ANA MAKAZI.

Alikwenda ofisi ya mradi, wakamwambia atakuja mtu kukagua. Alikuja Luhende, kijana mpole mwenye faili la plastiki na viatu vilivyojaa vumbi. Alisimama katikati ya sebule, akageuka pande zote nne.

"Dada, nyumba yako mfumo unaiona."

"Wewe unaiona?"

"Mimi siioni. Lakini mita inasoma. Umeme unanunuliwa kila wiki. Na kila ukinunua, kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye luku. Sasa mtu atalipaje kodi ya jengo ambalo halipo?"

"Si umesimama ndani yake? Kuna jengo hapo?"

"Mimi ni mtu, dada. Mimi si mfumo."

Aliinama akaitazama soketi, akapitisha mkono nyuma yake, ukatokea upande wa pili. Aliandika kitu kwenye faili. Kisha, kwa kuwa hakuwa na roho mbaya, alimweleza njia. Mita isiponunuliwa umeme kwa siku sitini inahesabiwa imekufa, na nyumba inakufa nayo. Hapo mfumo utakubali kwamba mwombaji hana pa kuishi, na kiwanja kitatoka chenyewe.

"Siku sitini tu," alisema Luhende.

Selina alihesabu kwa vidole. Zilikuwa zinaishia wiki moja kabla ya harusi.

Yuniti zilizokuwamo ziliisha siku ya tisa, hakununua nyingine. Siku zilizobaki alizipitisha kwa umeme wa watu wengine. Mzee Mukesh alimvutia waya hadi nje ya duka ili akae ndani ya gari lake bila kubughudhiwa na wateja, na Mabatini umeme ukikatika alikimbilia Misungwi, na Misungwi mtandao ukigoma alipanda na gari mpaka kwenye mawe ya mlimani, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye injini, mguu wake kwenye mafuta ili isizime. Ijumaa moja faili lilifika saa kumi na moja na dakika hamsini na saba. Nyingine lilifika baada ya kuwalipa vijana wanne wasukume Noah, kwa kuwa betri ya gari ilikuwa imenyonywa mpaka tone la mwisho na wafugaji waliokuwa wakieleza kupe. Alikonda. Alianza kuota anasikia kukohoa. Lakini hakuchelewa, na hakununua umeme hata wa shilingi mia.

Siku ya hamsini na saba alipita Kisesa, si kwa kuchaji, kwa kuangalia tu. Majirani walikuwa wanamngoja. Mayala, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akichaji simu yake kwenye ile soketi kwa ruhusa, alitangulia mbele akitabasamu.

"Dada Selina, tumekustahi," alisema. "Tuliona sebule yako imezima. Nikisukuma chaja haisemi kitu. Tukasema dada yetu kaishiwa na anaona aibu kusema. Namba ya mita yako naijua kwa kichwa, nimeitazama mno. Tumechanga, jana tumekununulia umeme wa mwezi mzima."

"Jana?"

"Jana jioni. Hata Rebeka wa maandazi katoa."

Rebeka wa maandazi alikuwa nyuma yake, akiwa na mikono yenye unga, akiona haya kwa kusifiwa. Selina aliwatazama wote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekosea katika jambo lolote ambalo mtu angeweza kulitaja. Aliwashukuru mmoja mmoja, kwa majina, akawashika mikono. Halafu akaingia kwenye Noah, akafunga vioo, akalia. Mita ilikuwa inahesabu upya, siku ya kwanza.

Harusi ya Misungwi ilifanyika tarehe yake. Selina alipeleka kitenge, akacheza kidogo, na kesho yake mama yake alikuwa ameketi nje ya ile stoo, amefunga mzigo, godoro limekunjwa kwa kamba. Ndani palikuwa pamepakwa rangi ya waridi. Shimba aliwasindikiza hadi kwenye gari bila kumtazama dada yake usoni.

"Ni kwa muda tu, dada," alisema.

"Muda wa nini?" Selina aliuliza, akapakia godoro la mama.

Bernadeta hakuwa ameiona Kisesa tangu mwezi wa tano. Alishuka, akavua ndala ulipokuwa mlango, akapita sebuleni, akaenda mpaka kilipokuwa chumba chake, ambako sasa lori la saruji lilikuwa linapita. Alisimama ukingoni mpaka lori likapita. Kisha akarudi.

"Kimebaki nini?"

"Soketi, mama."

"Haya, chemsha chai."

Selina alichomeka birika la umeme. Walikunywa wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya gari, na Bernadeta alisema chai ya pale ilikuwa bado na ladha yake. Siku zile mvua zilikuwa nyingi. Ikinyesha walijifungia ndani ya Noah, mama kwenye godoro, binti kwenye kiti cha dereva na kompyuta yake, waya ukipita kwenye upenyo wa kioo, na maji yakiingia kwa kufuata waya. Mama alianza kukohoa. Selina, kwa mazoea, nusura aandike.

Luhende alikuja wiki ya tatu ya Januari, saa tisa alasiri. Mkono mmoja alishika barua, mwingine kopo la rangi nyekundu na brashi.

"Shikamoo, bibi," alimwamkia Bernadeta kwanza.

"Marahaba, baba. Karibu ndani."

Alikaribia ndani, hatua nne, akamkabidhi Selina barua. Selina aliisoma, akairudia. Ilimtaka aibomoe nyumba yake kwa gharama zake katika siku thelathini, kwa kuwa imo ndani ya hifadhi ya barabara.

"Mliibomoa wenyewe," alisema. "Mwezi wa tano."

"Zilizobomolewa mwezi wa tano zimefungwa kwenye mfumo. Hii imeonekana baada ya hapo, inatumia umeme. Kwa hiyo ni nyumba mpya, imejengwa kwenye barabara bila kibali." Luhende aliweka kopo chini. "Nililisema, dada. Nililisema kikaoni mbele ya watu. Wakaniuliza kama nina uthibitisho kwamba haipo."

"Na kiwanja?"

"Ukishaibomoa, unaomba upya."

Bernadeta alikuwa akisikiliza, kikombe mkononi. Luhende alifungua kopo, akachovya brashi, akatafuta ukuta wa kuandika. Aliitazama soketi, ikawa ndogo mno. Alizunguka sebule nzima mara moja, rangi ikidondoka kwenye kiatu. Ndani ya vipimo vya ile nyumba palikuwa na kitu kimoja tu kilichosimama, nacho kilikuwa ile Noah.

"Samahani, dada," alisema. "Naomba ufunge mlango wa gari."

Selina aliufunga. Luhende alichora mlangoni ile X nyekundu ya nyumba za kubomolewa, kutoka juu hadi chini, na tarehe pembeni.

"Unatuandikia nini, mjukuu?" Bernadeta aliuliza.

"Alama tu, bibi."

"Alama ya nini?"

"Ya kwamba nimefika."

Sasa alitakiwa kupiga picha na kuituma kwenye mfumo kabla ya saa kumi, vinginevyo angehesabiwa hakufika, na kibarua chake kilikuwa cha mkataba wa miezi mitatu mitatu. Alitoa simu. Ilikuwa imezima. Aliibonyeza, akaitikisa, akaipangusa kwenye suruali, akabaki ameishika, uso umemshuka, na ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

Selina alimtazama. Kwa kitambo kidogo alifurahi, na furaha ile ilikuwa kali na ya kweli. Kisha akachomoa kompyuta yake, skrini ikazima, akamnyooshea Luhende chaja. Aliinama akaichomeka mwenyewe, maana ile soketi ilihitaji kusukumwa kwa namna yake. Walingoja pamoja dakika kumi, watatu, mama akiwa amekaa. Simu ilipowaka, Luhende alipiga picha ya mlango, akabonyeza kutuma, kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Sogea hatua mbili," Selina alimwambia. "Simama dirishani."

Luhende alisogea, na picha ikaenda.