Arusi ya Mzaha Siku Aliyoolewa Malkia

Malkia wetu aliolewa Mei, mwezi ambao hapa Edinburgh hakuna mwenye akili anayeoa. Mume aliyetangulia aliuawa, hajamaliza hata miezi minne kaburini, na bwana mpya, ambaye mji mzima unasema ndiye muuaji, kaachana na mkewe juzi tu. Lakini ni wakubwa, kwa hiyo kanisa likasoma tangazo la ndoa na kunyamaza.

Mimi ni mpiga rangi wa nguo. Mke wangu Marioun alifariki wakati wa mavuno, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyefika mazikoni. Ila nilipoomba kumwoa Girzell, mjane anayeuza pombe ya shayiri mtaani kwetu, ndipo wakanikumbuka.

"Ninian, ngoja mwaka uishe," akasema Patrik Hogg, mzee wa kanisa. "Haraka ya nini, unafukuzwa?"

Kweli nilikuwa nafukuzwa. Jumapili kaka yake Girzell angekuja kumchukua, akaolewe na mchinja nyama wa Dundee.

Siku ya arusi ya Malkia tulijaa kwa Girzell, wengine wameanza kunywa tangu alfajiri. Dand mhunzi akapanda juu ya benchi.

"Tuigize arusi yao. Ninian, wewe bwana arusi. Una sura ya mtu aliyeua."

"Nina sura ya mtu mwenye kiu."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Wakasema Malkia kaenda arusini na nguo nyeusi za msiba. Basi Girzell akachomoa shuka jeusi nililolileta kutoka kwenye pipa langu la rangi, bado linachuruzika, akajitanda. Watu wakacheka mpaka Dand akaanguka kutoka benchini. Tukashikana mikono, nikasema kwa sauti ya kibwanyenye, "Nakuchukua, Girzell, uwe mke wangu."

Yeye akanitazama. Akasema polepole, "Nakuchukua, Ninian, uwe mume wangu."

Kicheko kikakatika. Kwetu mwanamume na mwanamke wakishikana mikono na kusema maneno hayo mbele ya watu, wameshaoana, apende mchungaji asipende. Na mlangoni alikuwa amesimama Patrik Hogg.

"Nani kasema maneno hayo?"

Akatazama mikono yetu. Yangu ilikuwa myeusi tangu ujana; ya Girzell sasa ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Ulikuwa mzaha," akasema mzee, karibu kutusihi.

"Mzaha wa nani, mzee wangu?" akauliza Girzell. "Mimi umeniona nikicheka?"

Dand, akiwa bado sakafuni, akanyoosha kidole. "Mimi nimesikia. Yeye kasema, na yeye kasema."

Patrik Hogg akavuta pumzi. "Basi kwa kuoana bila kanisa, mtakaa kwenye kiti cha toba. Jumapili, mbele ya kanisa zima."

"Pamoja?" akauliza Girzell.

"Pamoja."

"Vizuri. Kaka yangu hatapata shida kutupata."

Huko ikulu sijasikia aliyeitwa tobani. Sisi tulikaa, tumebanana kwenye kile kiti chembamba, na rangi ilikuwa bado haijatoka. Kila mchungaji alipotaja aibu, Girzell alinifinya paja, nami nikazidi kuinamisha kichwa, watu wakidhani nalia.