Mwanamke Aliyejua Mpira Utaangukia Wapi

Kabla ya kuwa mfanyakazi wa ndani, Selipher Nafula alikuwa karani wa mizani. Kwa miaka sita alikaa katika kibanda cha mabati nje ya kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya, akipima matrekta ya miwa. Kufikia mwaka wa mwisho alikuwa akitazama tu jinsi magurudumu yalivyobonyea, kisha anataja uzito kabla mshale haujatulia. Akikosea, anakosea kwa kilo mia mbili. Madereva walisema ana jini. Yeye alisema ana macho.

Kiwanda kikafungwa. Machi 2013 akatua Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili, akapokewa na Bwana Ghalib, mtu wa familia iliyotoka Unguja mwaka 1964 na ambayo ndani ya nyumba ilikuwa bado inazungumza Kiswahili. Waliishi Al-Murabba. Ghalib alikuwa na duka la viyoyozi Al-Sulimaniyah. Mkewe, Samia, alikuwa mwanamke mcheshi, mwoga wa umeme na wa ndoto.

Ghalib alikuwa amesomea uhandisi Marekani, akarudi na shahada na maradhi ya besiboli. Kila Ijumaa baada ya alasiri alikuwa akiifundisha timu yake, Shahini, katika mtaa wa wageni uliozungushiwa ukuta mrefu. Ndani ya ukuta ule wanawake waliruhusiwa kukaa na kutazama, kwa hiyo Samia alikwenda, na Selipher alikwenda kubeba kikapu cha chai.

Mchezo wenyewe ulimshangaza Selipher. Mtu mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anauchapa kwa gongo, kisha watu wote wanasimama wakingoja. Lakini alikuwa na mazoea ya kutazama vitu vikingojewa. Ijumaa moja ya Februari 2014, akimimina chai, alisema, "Huyu mrefu atautoa nje."

Mpira ulipita juu ya ukuta, ukasikika ukigonga tangi la maji la jirani.

Ghalib aligeuka. "Nani alokwambia?"

"Miguu yake, bosi. Amesimama kama mtu anayetaka kujitwika gunia."

"Sema mwengine."

"Huyu hatafika popote."

Hakufika. Shahini, waliokuwa wamefungwa mara tano mfululizo, walishinda siku ile.

Tangu hapo Ghalib hakubadilisha kitu. Kofia aliyoivaa siku ile haikufuliwa tena. Chupa ya chai ikawa ile ile, viti vikawa vile vile vitatu vyeupe vya plastiki: Ghalib kulia, Selipher katikati, Samia kushoto. Ghalib alivipanga mwenyewe kwa kuhesabu hatua kutoka kwenye wavu wa kuzuia mpira.

"Mhandisi mzima!" Samia alimcheka. "Na hiyo kofia yanuka kama pweza alosahauliwa."

"Inashinda."

"Itaniua mie kabla haijashinda."

Selipher aliona aibu kwa ajili ya Ghalib, na yeye alipenda mambo yaandikwe. Alinunua daftari, akaandika kila alichokisema uwanjani na kilichotokea. Kufikia Desemba alikuwa na bashiri tisini na moja. Hamsini na tatu zilikuwa zimetimia. Alimpelekea Ghalib sebuleni.

"Bosi, si bahati. Nimekosea mara thelathini na nane, na hizo huzikumbuki. Na katika hizi hamsini na tatu, hamsini ninaweza kukueleza. Bega, miguu, upepo. Yule mrushaji wa Kikorea hulamba kidole akitaka kurusha kwa kasi."

Ghalib alilipitia ukurasa baada ya ukurasa, akikubali kwa kichwa kama mtu anayekagua ankara. Kisha akauliza, "Na tatu zilizobaki?"

"Hizo sijui."

"Basi hizo ndizo nizitakazo," Ghalib akasema, akamrudishia daftari.

Zile tatu Selipher mwenyewe hakuzipenda. Hazikuja kwa macho. Mara ya kwanza alikuwa ameinama akitafuta vijiko kikapuni, na ndani yake kitu kikatulia ghafla, kama mshale wa mizani unavyoacha kutetemeka na kubaki kwenye namba. Akasema mchezaji mmoja atakimbia akiacha kiatu, na kiatu kikabaki mchangani. Mara ya pili alisema taa ya karibu na vyoo itazimika. Ilizimika. Mara ya tatu alimtazama mdakaji wao, Mfilipino mwenye afya, aliyekuwa akicheka na ganda la chungwa mdomoni, akasema, "Yule Ijumaa ijayo hayupo." Jumanne yule kijana alianguka kutoka kwenye ngazi akiwa kazini, akalazwa hospitalini miezi miwili. Samia alipopata habari aliweka chini kijiko, akamwangalia Selipher kwa muda, wala hakutania.

Machi 2015 mkataba ulikwisha. Selipher alitaka kitu kimoja: kurudi kwao Mumias. Alikuwa amemwacha binti yake Stacy na dada yake, Priscah, mtoto akiwa na miaka saba. Sasa alikuwa na tisa, na kwenye simu alikuwa ameanza kumwita Priscah mama, na Selipher "mama wa simu". Hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyowatofautisha.

Lakini pasipoti ilikuwa katika kabati la chuma dukani, na ruhusa ya kutoka nchini ilitolewa na kafili, mwajiri aliyemdhamini, peke yake, kwa kubonyeza simu yake. Ghalib alisema baada ya ligi. Ligi ilipokwisha, alisema baada ya mashindano ya Jeddah. Hakuwa mkali. Mshahara alilipa tarehe moja kila mwezi, na alimwongeza bila kuombwa. Alikataa tu, kama alivyokataa kofia kufuliwa.

"Huyo bosi wako anataka mganga ama housegirl?" Priscah aliuliza kwenye simu.

"Anataka wote wawili kwa ikama moja, kibali kimoja tu."

"Si umdanganye! Mwambie umeona timu yake ikichapwa kama ngoma. Atakuleta Nairobi yeye mwenyewe."

"Priscah, mimi siwezi kuandika uzito ambao sijapima."

"Haya, karani. Kaa huko na mizani yako. Mtoto anakusalimia."

Mtoto alikuwa nje, akicheza. Selipher alimsikia akicheka, kicheko kilichokuwa kimebadilika tangu mwaka uliotangulia.

Aprili walisafiri kwa gari mpaka Jeddah, wakafikia kwa shangazi yake Samia. Joto la Riyadh lilikuwa kavu, la Jeddah lilikuwa na maji ndani yake, nguo zikagandamana na mwili kabla ya saa nne asubuhi. Mchezo wa fainali ulikuwa Ijumaa, katika mtaa mwingine wa wageni upande wa kaskazini mwa mji. Ghalib alikuwa amebeba vile viti vitatu juu ya paa la gari, kilomita mia tisa na zaidi.

Selipher alikuwa ameamua kutosema neno. Hakutaka kudanganya, alitaka tu kunyamaza mchezo mzima, Shahini wafungwe au washinde bila yeye, Ghalib aone.

"Haya, Selifa, leo wasemaje?" Ghalib aliuliza.

"Leo sina, bosi."

"Subiri. Itakuja."

Shahini walikuwa nyuma. Samia alikuwa akijipepea kwa sahani ya karatasi, akilalamika kwamba mchezo huu ulibuniwa na watu wasio na kazi za nyumbani. Selipher alikuwa akifunga kifuniko cha chupa. Kitu kikatulia.

Hakuwa akitazama uwanja. Aliyeshika gongo wakati ule hata hakupiga, alitolewa akarudi kukaa. Lakini Selipher alikuwa ameshageuka.

"Madam, hamia huku."

"Huku wapi? Kuna jua."

"Hamia, madam. Tafadhali."

Samia alifungua mdomo kutania, akaona uso wake, akaufunga. Aliinuka, akakusanya baibui lake na kwenda kusimama nyuma ya kiti cha mumewe. Akaja mpigaji wa pili, akatolewa. Samia alianza kucheka. "Sasa nisimame hapa hadi lini, kama mwalimu wa zamu?"

Mpigaji wa tatu aliugonga mpira vibaya. Ulipinda nje ya mstari, ukapita pembeni mwa wavu na kupiga kiti cha kushoto, pale mtu anapoegemeza kichwa. Plastiki ilipasuka kwa mlio mfupi. Kipande kimoja kiliruka mpaka kwenye kikapu cha chai.

 Kisha Ghalib akapiga makofi, akiwa ameinuka, macho yamemtoka kwa furaha. "Nimekwambieni! Nimekwambieni au sikukwambieni?"

Samia alikuwa akikitazama kiti.

Shahini walishinda. Walipofika nyumbani kwa shangazi, jua lilikuwa limezama, na Ghalib alikuwa bado anasimulia. Alisema ataongeza mshahara tena. Alisema mashindano ya majira ya baridi ni Novemba, na baada ya hapo, inshallah, tutaona.

"Bosi, uliniambia baada ya Jeddah."

"Na umemwokoa mke wangu. Nitakuachaje wende, baada ya leo? Watu hawaachi kitu kama hicho kikatoka nyumbani."

Kitu. Selipher alikwenda jikoni kuosha vyombo. Alijaribu kuhesabu kama karani. Mpigaji yule alikuwa amegonga vibaya kushoto mara mbili mapema katika mchezo, hilo alilikumbuka. Lakini wakati alipomwambia Samia ahame, yule mtu alikuwa amekaa chini, wa tatu katika foleni, akifunga kamba za viatu. Hesabu haikukaa.

Samia aliingia, akarudisha mlango nyuma yake. Hakuwa amevua baibui.

"Selifa. Niambie kweli."

"Ndiyo, madam."

"Ulimwona yule Mfilipino. Leo umeniona mie." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jengine je? Kuna jengine ulonionea?"

Jibu lilikuwa hakuna. Selipher alikuwa nalo kinywani. Hakuwa ameona kitu kingine chochote, wala kitu ndani yake hakikuwa kimetulia. Lilikuwa neno fupi, na lilikuwa kweli.

Bomba lilikuwa likitiririka. Alitazama mikono yake ndani ya povu, akafikiria Novemba, na Novemba nyingine baada ya hiyo. Akafunga bomba. Akanyamaza.

Alinyamaza muda wa kutosha kukausha sahani mbili.

"Basi," Samia alisema. "Basi, halas. Usinambie." Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Usinambie, mwanangu. Sitaki kujua."

Ugomvi wa mume na mke ulisikika sebuleni kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili tena. Ghalib alisema huo ni ujinga wa kizee. Samia alisema halali nyumba moja na mtu anayeijua siku yake ya kufa. Alisema achague. Asubuhi Ghalib alikaa na simu mkononi, akabonyeza, akabonyeza tena. Haikuwa likizo, ilikuwa ruhusa ya kutoka bila kurudi. Pasipoti ililetwa kwa basi la usiku kutoka dukani. Jumatatu walimpeleka uwanja wa ndege wa Jeddah. Ghalib hakushuka garini. Samia alishuka, akampa bahasha na khanga mpya mbili, wala hakumgusa mkono.

Stacy alimzoea mama yake kwa muda wa wiki tano. Siku mbili za kwanza alijificha nyuma ya Priscah. Kufikia mwisho wa Mei alikuwa akilala kitanda kimoja naye, akimpiga mateke. Selipher alipata kile alichokitaka, na aliijua thamani yake.

Ijumaa ya kwanza ya Juni simu ililia. Ilikuwa namba ya Riyadh.

"Selifa. Nambie sasa. Bora nijue."

"Madam, sikuona kitu."

"Siku ile jikoni. Ulinyamaza."

"Sikuona kitu, madam. Naapa."

"Basi mbona ulinyamaza?"

Hilo hakuweza kulijibu, na Samia akakata. Ijumaa iliyofuata alipiga tena. Sasa alikuwa hapandi lifti. Kitanda alikuwa amekihamisha mbali na kiyoyozi. Ghalib alikuwa amemkataza kuzungumzia jambo lile, kwa hiyo alipiga akiwa amejifungia chooni, maneno yake yakirudi kutoka kwenye vigae.

Ijumaa ya nne Selipher alisema ukweli wote. "Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kurudi kwetu. Nilijua utaogopa. Nilikuacha uogope ili unitoe. Hakuna zaidi ya hilo, madam. Nisamehe."

 Kisha Samia akasema, kwa upole kabisa, "Unanambia hivyo ili nisiogope. Mungu akulipe."

Simu ikakatika, na Selipher akabaki nayo mkononi, akifikiri kwa utaratibu, kama alivyozoea. Hakukuwa na neno lililobaki la kumwambia. Samia alikuwa na miaka hamsini na mbili. Siku moja angeanguka, au angeugua, au angegongwa na kitu, kama watu wote. Ingeweza kuwa kesho, ingeweza kuwa baada ya miaka thelathini. Siku hiyo ingethibitisha kila kitu. Nyumba nzima ingesema Selifa aliiona, na hakuna hesabu ambayo ingeweza kuipinga.

"Nani huyo anakupigia kila Ijumaa?" Stacy aliuliza. Alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani.

"Mtu niliyemfanyia kazi."

"Anataka nini?"

Selipher alitafuta namna ya kulisema, hakuipata. Alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama yeye, akingoja, na uso wake mdogo ukaanza kuingia hofu, kama ule wa Samia jikoni.

"Mama? Mbona umenyamaza?"

"Ugali unaungua!" Selipher akasema kwa haraka, sauti juu. "Kimbia, uangalie, ugali unaungua!"

Stacy alitoka mbio kwenda jikoni. Sufuria ilikuwa bado ukutani, na moto haukuwa umewashwa.