Cheo cha Mjomba Akberali

Koti la bohari, lile lenye mistari ya kung'aa, lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango wa Sakeena. Kila akitoka asubuhi humgusa bega, kana kwamba linamwambia: ukishindwa Jumamosi, tunarudi wote Malton, kwenye bohari ya uwanja wa ndege, kupakia mizigo kwa zamu.

Kazi yake ya sasa ilikuwa kutunza kompyuta za jumuiya yao huku ughaibuni, za shule, za maktaba na za ofisi zote, kuanzia kitongoji cha Vaughan mpaka cha Etobicoke, mamia kwa mamia, kwenye mtandao mmoja. Shida ilitokana na heshima. Kila mzee wa kamati alikuwa amepewa mamlaka yote ya mtandao huo, maana nani angethubutu kumwambia mzee aombe ruhusa kwa mtoto? Basi Mzee Roshanali alitaka kuweka picha ya mjukuu wake kwenye kompyuta yake, akabonyeza pasipofaa. Mtoto akatokea kwenye kompyuta zote, amepakwa wanja, anapiga miayo. Halafu mwenyekiti, Mjomba Akberali, akaona majina asiyoyajua, akayafuta. Kumbe ni walimu.

Hapo kamati ikamwambia Sakeena alete programu ya kusimamia watu na kompyuta zao. Isipokubaliwa kwenye mkutano wa Jumamosi, kazi itapewa kampuni ya nje.

Jumamosi ilianguka theluji. Viatu vilijaa mlangoni, vinachuruzika maji. Kulsumbai, mke wa mwenyekiti, alikuwa amekuja na kababu na birika la chai ya iliki, kwa sababu mkutano bila kitu cha kutafuna aliuona kama adhabu.

Sakeena akaanza na programu aliyoipenda mwenyewe, akaimulika ukutani wote waione. Ilikuwa nyepesi, na ukiwa umekaa Vaughan unaitengeneza kompyuta ya Etobicoke. Ila ngazi zake zilikuwa mbili tu, msimamizi na mtumiaji wa kawaida, na msimamizi ni mmoja.

"Mimi niko wapi hapo?" akauliza Mjomba Akberali.

"Hapa chini, mjomba. Kwa watumiaji wa kawaida."

Kulsumbai akaacha kumimina chai.

"Mwanangu," akasema mwenyekiti taratibu, "nimeuza khanga Tanga mpaka wanawake wakawa wananijua kwa kikohozi. Sijapata kuitwa wa kawaida."

"Hata mkeo hajakuita hivyo," akasema Roshanali.

"Mimi humwita mengine," akajibu Kulsumbai.

Programu ikakataliwa kabla kababu hazijapoa. Sakeena akafikiria lile koti.

Alikuwa na programu ya pili, ambayo hakuipenda. Ilikuwa nzito kufunguka, na rangi yake kama dengu zilizolala. Lakini ilikuwa na jambo moja: unatunga mwenyewe jina la kila ngazi, kisha unachagua, kimoja kimoja, kila ngazi iruhusiwe kufanya nini. Akawaomba wanywe chai kwanza, akainama kuandika.

Alipoinua kichwa, juu kabisa ukutani palisomeka: Mlezi Mkuu wa Mtandao, Bwana Akberali. Mlezi Mkuu aliweza kuona kila kitu, na hakuweza kufuta hata nukta. Chini yake, Mshauri Mwandamizi, Bwana Roshanali. Huyu aliruhusiwa kubadilisha picha ya kompyuta yake peke yake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Mtumishi, Sakeena.

Mjomba Akberali akavaa miwani, akasoma cheo chake, akakisoma tena kwa sauti.

"Hii programu imelelewa kwa adabu," akasema. "Na imekuweka wewe mwisho. Vizuri."

Wote wakanyoosha mikono kukubali. Kulsumbai, anayejua kusoma vitu vilivyoandikwa kwa herufi ndogo, akamsogelea Sakeena na sahani.

"Na huyo Mtumishi anaweza kufanya nini?"

Sakeena hakutaka kumdanganya. "Kila kitu, mama."

Kulsumbai akamwekea kababu kubwa kuliko zote. "Kama mimi nyumbani," akasema, akarudi kwenye birika lake.

Jumatatu asubuhi simu ya Sakeena ikalia. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu mwenye aibu kidogo.

"Mtumishi? Mlezi Mkuu hapa. Nimesahau nenosiri."

Sakeena akamfungulia hapohapo. Kisha akalishusha lile koti, akalikunja, akalitandika mlangoni likaushe viatu.