Tambi za Kwa Fatuma

Bi Masika aliisukuma sahani ya pilau mpaka ikagonga birika la chai.

"Sina hamu nayo," alisema. "Nataka ile supu ya tambi ya Guangzhou."

Kidawa aliweka kijiko chini. Miaka minne mama yake alikaa naye China, yeye Kidawa akisafirisha viatu kwa wafanyabiashara wa Dar, na haikupita siku bila mama huyu kulalamikia chakula. Mchele unanata. Mboga hazijaiva. Supu inanuka dawa. Mwanzoni mwa mwaka ule wa 2018 vibali vyao vilikataliwa, wakarudi Tanga mbio mbio, na Bi Masika akampokea samaki wa nazi kwa machozi. Sasa walikuwa Johannesburg, mtaa wa Bellevue, kumwona mtoto mchanga wa Amisa, mdogo wake Kidawa. Amisa aliipika pilau ile huku mshono wa uzazi haujapona.

"Mama, tambi si ulikuwa unaziita minyoo?"

"Niliziita. Sasa nazitaka."

Kidawa alijua kilichoyaamsha haya. Jana yake, Zephania, mume wa Amisa, alipowatoa uwanja wa ndege alipitia Cyrildene, kwenye mtaa wa Wachina. Bi Masika aliliona lile lango la vigae na maandishi yake, akaligeuzia shingo mpaka likapotea.

"Eish, Mama, si mbali pale," alisema Zephania. Yeye alizaliwa Morogoro wazazi wake, watu wa Afrika Kusini, walipokuwa uhamishoni, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kule. "Twendeni, nitawapeleka."

"Shemeji, usimdekeze," Kidawa alisema, lakini mama yake alikwisha kujitanda mtandio.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa umening'iniza nyama dirishani, na nusu yake nguruwe. Bi Masika aligeuza uso. Wa pili ulikuwa na tambi za pakiti tu. Wa tatu mwenye duka aliwahakikishia kwamba anayo supu ya ng'ombe, akawavutia viti. Kidawa akamuuliza kwa Kichina kama ni ya ng'ombe mtupu. Yule bwana alikuna kichwa.

"Mifupa ya nguruwe imo," alijibu, "lakini kidogo tu."

Kidawa alitafsiri.

"Kidogo tu!" Bi Masika alinyanyuka kama aliyekalia kaa la moto.

Waliumaliza mtaa mzima hivyo, ng'ambo hii na ng'ambo ile, jua la mchana likiwawakia, viatu vya Kidawa vikimchubua visigino. Mbele ya duka la mwisho Bi Masika alisema, "Labda tujaribu tena lile la kwanza, tuwaombe waoshe sufuria."

Hapo Kidawa alipasuka.

"Mama, unataka nini hasa? Kule ulitaka samaki wa Tanga. Tanga ukasema joto. Hapa mwanao kakupikia na mshono mbichi, wewe unataka tambi! Ningejua ningekuacha nyumbani!"

Wapita njia waligeuka. Zephania akaanza kuzichunguza funguo za gari lake. Bi Masika hakupandisha sauti.

"Kule Guangzhou wewe ulikuwa ukitoka asubuhi, ukirudi usiku," alisema. "Mimi mchana kutwa nilikuwa na nani?"

"Si ulikuwa nyumbani?"

"Nilikuwa chini, kwa Fatuma."

Kidawa aliukumbuka mkahawa wa chini ya jengo lao, na yule mama wa Kichina Mwislamu, mwenye hijabu nyeupe, akivuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi. Mwenyewe alizoea kuagiza chakula pale kwa simu. Hakujua kabisa kwamba mama yake alikuwa akishinda mle.

"Mimi namenya vitunguu saumu, yeye anavuta tambi," Bi Masika aliendelea. "Hajui Kiswahili, sijui Kichina. Jina lake lilinishinda, nikamwita Fatuma, akaitika. Tunasalimiana kwa salamu ya dini, adhuhuri tunaswali nyuma ya magunia, kisha ananipa bakuli langu. Siku tunaondoka ulinivuta kwenye teksi, mlango wake haujafunguliwa. Sikumuaga. Atadhani nimekufa."

"Miezi yote hii! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na haraka."

Kidawa alikuwa bado na hasira, na aibu imekuja juu yake. Akatoa simu, akaitafuta namba ya mkahawa ule, huku akinung'unika, "Neno moja tu, Mama. Neno moja lingetosha." Akapiga simu ya video.

Mvuke ulitokea kwanza, kisha uso.

"Ma-si-ka!"

Wanawake wale walilia papo hapo, wakazungumza kwa pamoja kila mmoja kwa lugha yake, bila yeyote kumsubiri mwenzake. Fatuma alimwonyesha sufuria. Bi Masika alimwonyesha mtaa, na Zephania, na viatu vyake vipya. Kisha Fatuma akapeleka vidole mdomoni: umekula? Bi Masika akatikisa kichwa, akamnyooshea Kidawa kidole.

Fatuma akageuka mbogo. Kidawa, ambaye pale ndiye peke yake aliyekielewa Kichina kile, alisimama juani akiambiwa kwamba ni binti asiye na huruma, mama yake amekonda, na aibu gani hii kumtembeza mtu mzima na njaa. Alijibu ndiyo, dada, nimekosa, dada, mpaka simu ikakatika.

"Amesema nini?" Bi Masika aliuliza.

"Amekusalimu."

Njiani kurudi Zephania alisimamisha gari kwa mama mmoja auzaye magwinya, maandazi makubwa ya huku, yakiwa yametoka kwenye mafuta sasa hivi. Bi Masika alikula moja, akaomba jingine, akapangusa vidole kwenye mtandio.

"Kwa hiyo," Kidawa alisema, "ulikuwa unataka tambi au unamtaka Fatuma?"

"Vyote viwili. Usinichagulie." Alitazama dirishani. "Nunua unga, kesho atatuelekeza kwa simu."

"Mama, asubuhi yetu kwao ni mchana. Watakuwa na wateja."

"Basi utaniamsha alfajiri."

Kidawa aliegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho.

"Zephania," alisema, "ukiona duka lolote, simamisha. Tununue huo unga."