Chaga za Kitanda cha Rebeka

Stanslaus alimwambia Apolonia avue ndala, akae kitandani ajaribu mwenyewe. Duka lake la vitanda lilikuwa kando ya barabara kuu pale Masumbwe, na vumbi la malori lilikuwa limejaa juu ya nailoni ya godoro, kwa hiyo alilifuta kwanza kwa kiganja.

"Chaga zake mninga mtupu, Mama Edson," alisema. "Mpya. Hata ukimlaza ng'ombe."

Apolonia aliomba godoro linyanyuliwe azione. Stanslaus alinyanyua godoro la kitanda cha pembeni, akamwonyesha chaga pana, nyekundu, zilizopigwa randa vizuri. "Za hicho chako ni hizihizi," alisema. Apolonia alitaka kuuliza zaidi lakini alikuwa amechoka. Mama yake, Rebeka, alianguka kisimani Ushirombo akaumia nyonga, na tangu alipomleta kwake alikuwa analala chini kwenye mkeka, akiugulia kila anapojigeuza. Akakinunua.

Kitanda kililetwa na guta la magurudumu matatu kikiwa vipande vipande. Chaga zilikuwa zimepakwa rangi ya kahawia ambayo ilikuwa bado inanata. Upande wa chini hazikupakwa kitu. Zilikuwa na udongo kwenye nyufa na matundu ya misumari mikubwa. Mwenye guta alisema yeye kazi yake ni kubeba.

Rebeka alipolazwa, mbao zilipinda zikalia. Kisha zikanyooka zenyewe. Rebeka akasema kuna mtu chini.

Apolonia akainama. Mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti uvunguni, tochi imefungwa kwenye paji la uso, mabega yake yakiwa yamebeba chaga. Nywele zake zilikuwa zimegandamana kwa udongo.

"Mwadila, mayu," alimsalimia Rebeka kwa Kisukuma.

"Mwadila," Rebeka alijibu. "Mtoto wa nani wewe?"

Alisema anaitwa Bujiku, mchimbaji. Mbao zile zilikuwa matimba ya duara lao, yaani shimo lao la dhahabu: zile nguzo na mbao za kuzuia kuta za shimo zisianguke. Mwenye duara aliona dhahabu inapungua, akaanza kuyang'oa kutoka juu na kuyauza. Aliwaambia waliokuwa chini waendelee tu, mapya yanakuja. Shimo lilipoporomoka, Bujiku alikuwa chini.

"Hazina nguvu tena hizi," alisema. "Nikiziachia, mama ataanguka."

Apolonia alimletea ugali. Hakuula, lakini alishukuru.

Kesho yake Apolonia alirudi dukani. Stanslaus alimsikiliza mpaka mwisho huku akifunga kamba za godoro la mteja mwingine.

"Kwa hiyo yupo mtu anashikilia?"

"Yupo."

"Basi hazitavunjika. Unalalamika nini, mama?"

"Uliniambia ni mpya. Uliniambia mninga."

"Kwa kitanda ni mpya. Hazijawahi kulaliwa." Akaongeza kwamba mali ikishatoka dukani hairudi, na kama anataka kubadilishiwa, zilizoko stoo zilitoka shimo lilelile. Wateja wengine wamepata hata watu wawili.

Bujiku alikuwa na mke, Nelly, aliyekuwa akiuza chai stendi. Apolonia alimfuata. Nelly alikuwa ameambiwa na mwenye duara kwamba mumewe alitoroka na mawe ya dhahabu ya wenzake akaenda Geita kwa mwanamke mwingine. Wakwe walimfukuza nyumbani, wakamwita mke wa mwizi. Aliposikia habari ile alizima jiko, akafunga kanga, akaja.

Alikaa sakafuni, akamtazama mumewe uvunguni.

"Hukwenda Geita?"

"Sikufika popote, Nelly."

Nelly aliuliza kwa nini hakuja nyumbani moja kwa moja. Bujiku alisema yeye alifuata mbao, na si Nelly aliyeuziwa mbao. Nelly akalia kidogo, si sana. Alishalia sana zamani, kwa sababu nyingine.

Alikwenda kwa mtendaji kutoa taarifa. Mtendaji alisema shahidi aje mwenyewe ofisini. Nelly alieleza kwamba shahidi hawezi kuondoka pale alipo, kuna mgonjwa juu yake. Mtendaji alisema anaelewa, lakini utaratibu ndio huo. Mwenye duara naye alisema mtu aliyeko uvunguni mwa kitanda cha watu hawezi kuzungumzia mambo ya mgodi wake.

Ikawa hivyo. Nelly alikuja kila jioni baada ya kazi, akakaa kando ya kitanda akimsimulia mumewe habari za mtoto wao. Rebeka hakupenda kusikiliza mambo ya watu, lakini hakuwa na pa kwenda. Nyonga ilianza kupoa. Ila alimsikia yule kijana akibadilisha bega kila mara.

Jioni moja alimwita Apolonia.

"Nishushe."

"Mama, daktari amesema usilale chini."

"Daktari hajaona alivyochoka. Nishushe."

Wakamshusha, Apolonia na Nelly, akaugulia njia nzima mpaka kwenye mkeka. Bujiku akatoka uvunguni akiwa amekunja mgongo, akapanda kitandani na buti zake. Mbao hazikulia, maana hakuwa na uzito. Alilala kabla Nelly hajamvua tochi. Hakuamka kesho yake, wala siku zilizofuata. Nelly alipokuja alimkung'uta udongo nywelini, akamfunika.

Maumivu ya nyonga ya Rebeka yalirudi palepale. Apolonia alitoka kumnunulia dawa ya kuchua, akapita mbele ya duka. Ndani, Stanslaus alikuwa amemketisha bibi harusi mtarajiwa juu ya godoro, akimwapia kwamba ni mninga mtupu. Mchumba wake alikuwa ameinama, anasalimiana na mtu uvunguni.

Stanslaus alimpungia Apolonia mkono.

"Mama Edson! Kitanda vipi?"

"Kinalaliwa," Apolonia alisema, akaendelea na njia.