Mwenza Kushoto, Mgeni Kulia

Kazi yangu ni kutazama panya wanavyopendana, na tangu Jumanne naifanya vibaya, kwa sababu Jumanne ndiyo siku baba alipomfukuza mama chumbani.

Si panya wale wa kuiba mchele. Hawa ni panya wa nyika za Marekani, wanene, mkia mfupi, na wanasifika kwa jambo moja: dume akishapata jike wake, basi. Watalala pamoja na kulea pamoja. Maabara moja ya huko hunitumia video, nami nazipitia hapa nyumbani, mtaa wa Wattaya, katika chumba kinachotazama nyuma ya maduka ya magari. Kipimo chenyewe hakina siri. Sanduku lina vyumba vitatu. Kushoto amefungwa kamba jike ambaye ni mwenza, kulia amefungwa jike mgeni, na dume huachiwa huru katikati kwa saa tatu. Mimi naandika dakika alizolala ubavuni pa kila mmoja.

Sasa baba. Huu ni mwaka wa tatu ana maradhi ya kusahau. Alianza na funguo, akaja kwenye majina, na mimi kuna siku huniita kwa jina la marehemu dada yake. Hayo tuliyazoea. Jumanne mama aliingia na kahawa, kichwa wazi, kama alivyoingia miaka arubaini na sita. Baba akageuza uso ukutani.

"Astaghfirullah! Bibi, jisitiri. Mke wangu hayupo, na wewe ni mke wa mtu."

Mama alicheka. Aliporudi kuchukua kikombe akafukuzwa tena, safari hii kwa ukali, na hapo hakucheka. Akalala kwenye kochi siku tatu. Leo Ijumaa nimemkuta anafunga begi. Kaka yangu Fahd anakuja baada ya laasiri kumchukua, akakae kwake, mji wa Sib, na nilipomuuliza atarudi lini akaendelea kukunja nguo.

"Siwezi kukaa nyumba moja na mwanamme asonijua," akasema. "Kusahau jina langu nimestahamili. Lakini mapenzi yakishatoka, mie nnangoja nini?" Akaacha nguo, akanitazama. "Wewe unayesomea mapenzi ya panya, hebu niambie. Yametoka au yamo?"

Nikamwambia ukweli. Kuna homoni ya ubongoni ambayo miaka mingi tulidhani ndiyo gundi ya wapenzi. Wataalamu wakazalisha panya ambao ubongo wao hauwezi kuipokea, wakangoja kuona ndoa zikivunjika. Panya wakashikamana na wenza wao vilevile.

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui, mama."

"Na shahada mnapewa. Haya, ntampima mwenyewe."

Akavaa buibui, akafunga ushungi hata unywele mmoja usionekane, akaenda kubisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Mimi nikabaki nyuma yake ukumbini. Akatoa salamu kwa sauti ya mgeni. Baba akaitikia, macho chini.

"Nnamuulizia Nasriya," akasema mama. Nasriya ni yeye. "Yupo?"

"Katoka. Atarudi sasa hivi."

"Nimngoje humu?"

"La! Humu hapana. Akinikuta na mwanamke chumbani nitamwambia nini?" Akapunguza sauti. "Ana wivu yule. Mie sitaki anune."

Mama akashika kizingiti. "Unamuogopa?"

"Nnampenda," akasema baba, kama mtu aliyeulizwa anakaa mtaa gani. "Nenda, bibi, Mungu akuhifadhi."

Mama akanivuta mpaka jikoni. Machozi yalimtoka na huku anacheka, nami sikujua nimfute au nicheke naye.

"Ndiyo nini hivyo, Khawla? Ananipenda au ananifukuza?"

Hapo nikaikumbuka video ya thelathini na moja, ambayo jana niliizima kwa kuudhika na ukali wa dume. Dume asiye na mwenza humpokea jike yeyote anayemsogelea. Aliyekwishashikamana na wake, akiletewa mwingine, humng'ata na kumtimua. Ukali wenyewe ndio alama. Nilimweleza mama taratibu, na sanduku na pande zake, maana nilikuwa najieleza na mimi.

Akafikiri. "Kwa hiyo ananifukuza kwa ajili yangu."

"Huenda."

"Huenda! Ungeniandika wapi, kushoto au kulia?"

Fomu yangu haina mahali pa jike ambaye ni mwenza na ni mgeni kwa wakati mmoja. Nimekaa na kipimo hiki miaka minne na sikuwahi kujiona mjinga kama dakika ile, mbele ya mama yangu na sinia la kahawa.

Honi ya Fahd ikalia chini. Mama akalitazama begi, kisha akanitazama mimi.

"Mwambie azime gari, apande ale."

Akachukua kigoda cha jikoni, birika na vikombe, akaenda kukaa ukumbini, nje kabisa ya chumba, na buibui lake mwilini. Baba akakitazama kile kigoda kwa mashaka.

"Mlango uwe wazi," akasema.

"Uko wazi."

"Haya. Akija utampenda. Mtu mwema sana."

Mama akamimina vikombe viwili. Kimoja akakisukuma sakafuni mpaka ndani ya kizingiti, akaondoa mkono upesi kabla baba hajanyoosha wake.

"Na mie nnamngoja," akasema.