Watu Wazima na Trekta Kuukuu

"Shemeji, tuambizane ukweli," alisema mwenye banda la video huku akifuta kioo cha televisheni kwa kiganja. "Mtu mzima na akili zake timamu aje akae hapa atazame malori yanayoongea?"

"Watakaa," mjane alijibu, akisogeza mabenchi. "Nimewaalika mwenyewe."

"Haya. Wakikaa hadi mwisho, naiacha filamu hii ilivyo. Wakitoka, kesho kijana mpya anaitia sauti upya. Sina ubaya na marehemu mumeo, lakini biashara ni biashara."

Marehemu ndiye aliyekuwa akizitia sauti ya Kiswahili filamu zote za banda hilo. Walimwita Kasuku. Filamu za ngumi na bastola kijana alikwisha kuzirudia zote. Ilibaki hii ya watoto. Kasuku aliirekodi chumbani, amejifunika blanketi ili kelele za mtaa zisiingie, na mkewe ameketi kando akimgusa bega kila gari jipya lilipofungua mdomo. Mahali pamoja mke alisinzia. Basi la shule likaongea sentensi nzima mdomo umefungwa.

Nakala mjane alikuwa nayo kwenye simu yake. Aliifungua mara moja tu tangu mazishi, akaizima haraka. Sauti ile ilizoea kujibiwa na vicheko. Peke yake, kati ya kitanda na ukuta, ilikuwa inaita na haiitikiwi.

Waliingia mchana, jua likiwa kali: dereva wa lori, kinyozi, fundi viatu na majirani wengine.

"Nimeacha kichwa cha mtu nusu," kinyozi alisema. "Isiponichekesha, mtanilipia mteja wangu."

"Kwani ukimaliza hicho kichwa kinapendeza?" fundi viatu akamchokoza.

Filamu ikaanza. Trekta kuukuu likakohoa, likafumbua macho. "Enyi vijana wa matairi mapya, mnanipigia honi mimi? Nimelima shamba hili kabla baba zenu hawajajua gia!"

Banda lilipasuka kwa kicheko. Likaja lori lenye kulalamikia barabara, mgongo, mafuta, mpaka mvua.

"Aisee, huyo si ni mimi!" dereva alipiga kelele.

"Tena Kasuku kakupunguzia!" jirani mmoja akadakia.

Gari la zimamoto lilifika moto umeshazimika, likaanza kutoa visingizio, na wote wakamgeukia kinyozi, bingwa wa kuchelewa. Basi lilipoongea mdomo umefungwa walishikana mabega kwa kucheka. Mjane aliketi nyuma, mikono imekaza kanga magotini. Kwa muda ule mfupi ilikuwa kama nyumba yake ina mwenyewe tena.

Kisha trekta likaharibikia njiani. Likayaambia magari mengine yatangulie. "Nendeni, wanangu. Mimi napumua kidogo, nitawafuata."

Hakuna aliyecheka. Dereva alisimama, akajikwaa benchi. "Koo limenikauka," alisema bila kumtazama mtu, akatoka. Fundi viatu akamfuata, amejifunika uso kwa kofia. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kimyakimya kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa.

Kinyozi alimwinamia mjane. "Dada, nisamehe. Hospitali Kasuku aliniambia maneno hayohayo. Siwezi."

"Kaa kidogo tu, kaka. Inakaribia kwisha."

Alitikisa kichwa, akaenda.

Mwenye banda alikuwa mlangoni, ameona kila mgongo ukipita. "Sikukwambia?"

"Hawakuchoka, shemeji. Imewaingia mno."

"Kutoka ni kutoka." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkata maini mjane. Akaenda kivulini, simu sikioni. "Kijana? Njoo kesho asubuhi. Ndiyo, ile ya magari."

Mjane alibaki na mabenchi matupu. Trekta lilikuwa bado linaongea. Alitoka kutafuta hewa, akazunguka upande wa nyuma, mahali mabati yanapopata jua.

Walikuwapo wote. Wamesimama kwa mstari, migongo kwenye bati la moto, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kinyozi alikuwa amelibana sikio ukutani, macho amefumba. Sauti ilipita kwenye bati jembamba, hafifu, ikaaga gari moja baada ya jingine, kisha ukaja muziki, kisha kimya.

Hakuna aliyebanduka. Dereva alisogea kidogo, akamwachia mjane nafasi ukutani.